Swali la lugha: Peptidi ya kuzuia, peptidi pinzani au peptidi kizibo?

SWALI: Naandika kwa Kiswahili ikisiri ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu seli za kinga. Ili kujua kama kingamwili (protini ya kinga) niliyoitumia inashika protini ninayoitafuta na si nyingine, niliichanganya kwanza na peptidi fupi inayofanana na kile kipande cha protini ambacho kingamwili hiyo hukishika, kisha nikaimimina juu ya seli. Nimeandika: "Peptidi ya kuzuia ilithibitisha umaalumu wa kingamwili." Msimamizi wangu anapendelea "peptidi pinzani". Lipi sahihi? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, kipimo cha maneno yako ni kile kinachotokea ndani ya kichupa chako. Mpinzani hukutana na mwenziwe uwanjani wakagombea kitu kimoja, ilhali peptidi yako hutiwa kwa wingi mapema, na protini ya seli hukutana na kingamwili ambayo nafasi zake zimekwisha kujaa. "Kuzuia" si kosa, ila ni neno pana mno: askari huzuia gari na dawa huzuia homa, bila sisi kuambiwa ni kwa njia gani. Kitenzi "ziba" hueleza njia yenyewe. Kingamwili ya aina ya IgG ina mikono miwili, kila mmoja una nafasi moja ya kushikia, na peptidi huingia humo kama kizibo kinavyoingia kwenye mdomo wa kibuyu chake. Kwa hiyo napendekeza "peptidi kizibo", nomino mbili zilizoandamana kama "askari kanzu", huku upatanisho wa kisarufi ukifuata ile ya kwanza: peptidi kizibo hii, peptidi kizibo hizi. Najua kuwa maabara pia huziba utando unaobandikwa protini za kupimwa kwa maziwa ya unga ili kingamwili isinate ovyo. Taja kila mara kinachozibwa, na utata utaondoka.

"Umaalumu" uuache. Kitu maalumu ni kile kilichotengwa au kupewa hadhi yake, kama mgeni maalumu. Kitu kinachohusu jambo moja tu ni mahususi, na sifa hiyo ni umahususi.

Neno linalonishughulisha zaidi ni "ilithibitisha", kwa kuwa linaahidi kuliko jaribio linavyoweza kutoa. Mng'ao unaoonyesha mahali kingamwili iliponata ukitoweka baada ya kuziba, umejua kwamba kingamwili ilikuwa ikishika kwa mdomo wake, yaani kwa nafasi zake za kushikia. Hujajua bado kwamba ilishika protini yako, maana protini nyingine yenye kipande kinachofanana na hicho nayo ingepoteza mng'ao vilevile. Mng'ao ukibaki, hasa katika makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu) na seli B (zile zinazozaa kingamwili), ambazo zina vipokezi vya kudaka mkia wa kingamwili, huenda ulichokiona hakikuhusu mdomo hata kidogo. Kuthibitisha ni kufunga mjadala, ilhali kuhakiki ni kuchunguza ukweli wa jambo, na hicho ndicho ulichokifanya. "Kuthibitisha" uliweke akiba kwa ajili ya siku utakapolinganisha seli hizo na seli zilizoondolewa jeni ya protini hiyo, ukakuta mng'ao haupo.

Nimefurahi pia kwamba hukuandika "vingamwili", umbo linaloenea siku hizi. Ni kweli kwamba "kitabu" kilitoka Uarabuni na ki- ya shina lake, tukaigeuza kuwa kiambishi na kupata "vitabu". Lakini "kinga" ni mzizi wetu wenyewe ulio hai, tunaoutumia tunapokinga maji ya mvua na tunapotaja upungufu wa kinga mwilini, na wingi wa kinga ni kinga.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Umahususi wa kingamwili ulihakikiwa kwa peptidi kizibo, na mng'ao uliotoweka baada ya kuziba ndio uliohesabiwa kuwa unatokana na nafasi za kushikia."