Kwa mnaoanza kuwasoma washairi wa geto la Vilna

Nimemaliza kusahihisha fungu jingine la insha kuhusu washairi wa Kiyahudi Avrom Sutzkever na Abba Kovner, na makosa niliyoyakuta ni yale yale ya fungu lililotangulia. Nawapenda nyote mliowachagua washairi hawa, maana si wepesi kusomwa, lakini subira yangu imepungua. Tafadhali someni haya kabla hamjaanza rasimu ya pili.

1. Msiwachanganye. Wote wawili walitoka katika geto la Vilna, mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa mji unaoitwa leo Vilnius, Lithuania wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wote walikuwa wanachama wa FPO, jumuiya ya siri ya wapiganaji iliyoundwa Januari 1942, na wote walimalizia maisha yao Israeli. Zaidi ya hapo njia zao ziliachana. Sutzkever, aliyezaliwa 1913, alitoroka geto Septemba 1943 akaenda kwenye misitu ya Narocz, iliyokuwa chini ya kamanda wa Kisovieti Fyodor Markov. Kovner, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka mitano, alishika uongozi wa FPO baada ya Yitzhak Wittenberg kujisalimisha kwa Wajerumani Julai 1943, kisha akapigana katika misitu ya Rudniki. Kovner alitunga mashairi yake kwa Kiebrania. Sutzkever aliishi katika nchi ile ile tangu 1947 hadi alipofariki 2010, na hakukiacha Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Jarida lake, Di goldene keyt, lilitoka kuanzia 1949 hadi 1995, katika nchi ambamo wengi waliiona lugha hiyo kuwa mabaki ya uhamishoni yasiyostahili kuendelezwa. Anayemwita mshairi wa Kiebrania kwa sababu tu aliishi Tel Aviv anamnyang'anya jambo alilolipigania kwa miaka mingi kuliko alivyoshika bunduki.

2. Tazameni mwaka wa kuchapishwa kabla ya kufasiri. Mashairi ya misitu aliyoyatoa Sutzkever mwaka 1940 hayahusu vita vya msituni hata kidogo. Wajerumani waliingia Vilna Juni 1941.

3. Shairi si hati ya ushahidi. Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa kosa hili limewanasa walimu na wanafunzi, na wengi wetu tumelisimulia darasani kwa sauti ya kutetemeka tukiamini tunasimulia historia. Shairi lenyewe, la Sutzkever kuhusu mabamba ya kiwanda cha Rom, mnalijua: wapiganaji wa geto wanaingia usiku katika kiwanda cha uchapaji cha Rom, kilichochapa toleo maarufu la Vilna la Talmud, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya Kiyahudi, wanachukua mabamba ya madini ya risasi yaliyobeba herufi za maandiko, wanayayeyusha na kuyamimina kuwa risasi za bunduki. Ni picha yenye nguvu ya kutisha, kwa sababu hekima ya vizazi inageuka silaha mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kufunzwa kupigana. Chini yake imeandikwa tarehe 12 Septemba 1943, na wanaoanza huiona tarehe hiyo kama muhuri wa mahakama. Lakini hiyo ndiyo siku ambayo Sutzkever, mkewe Freydke na rafiki yake Shmerke Kaczerginski walitoroka geto. Wahakiki waliochunguza jambo hili wameonyesha kwamba uvamizi wa kiwanda ni wa kubuni, na kwamba mshairi aliendelea kuyafanyia kazi mashairi yake ya geto baada ya kutoka humo. Walioyauza mabamba ya Rom yakayeyushwe kama vyuma chakavu ni Wajerumani wenyewe.

Naelewa kwa nini inauma kulisikia hilo. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama basi mshairi alidanganya, na nikaona machoni pake kwamba alikuwa ameumia kweli. Hakudanganya. Alitunga shairi, na ni sisi tuliolidai lifanye kazi ya ripoti. Tena ukweli uliokuwa karibu naye haukuhitaji kupambwa. Sutzkever alikuwa katika kundi lililoitwa Brigedi ya Karatasi, watu waliolazimishwa kuchambua vitabu na miswada katika jengo la YIVO, taasisi ya utafiti wa utamaduni wa Kiyahudi, ili vichache vipelekwe Ujerumani na vingine vyote visagwe. Waliyaficha maandishi mwilini, chini ya nguo, wakayapitisha kwenye lango la geto ambako kukamatwa kungeweza kumaanisha kifo. Mama yake aliuawa, na mtoto wake mchanga pia aliuawa katika hospitali ya geto, na bado aliendelea kubeba karatasi. Anayetaka shairi lililotenda jambo la kweli asome Kol Nidre, ambalo lilivushwa hadi Moscow, likasomwa huko, na likachangia uamuzi wa kutuma ndege Machi 1944 kumtoa mtunzi na mkewe katika eneo lililoshikwa na adui.

4. Wito wa Kovner uliosomwa usiku wa kuamkia 1942, unaowataka vijana wasiende kama kondoo machinjoni, unukuliwe pamoja na wasikilizaji wake. Aliwaambia vijana waliokuwa hai kwamba waliochukuliwa hawatarudi, na kwamba njia zote za Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, ziliishia Ponary, msitu wa mauaji nje ya mji. Hakuwa akiwahukumu waliokwisha kuuawa, na insha zinazotumia maneno hayo kuwalaumu wafu nitazirudisha bila alama.

5. Sutzkever alitoa ushahidi Nuremberg, katika kesi ya viongozi wa Kinazi, tarehe 27 Februari 1946, akiitwa na upande wa Kisovieti. Alitamani kusema kwa Kiyidi, lakini alisema kwa Kirusi. Shahidi alitakiwa kuketi, yeye alisimama. Mtakapoandika kuhusu siku hiyo, fungueni kumbukumbu za mahakama mkasome alichokisema kuhusu mtoto wake, kisha muyasome mashairi yanayomhusu mtoto huyo huyo, na muyaweke mezani kando kando bila kulazimisha moja liwe lingine.