Kokwa ya tende haina jina

Juzi nimeingia kitaluni nikamkuta kijana wetu mgeni ameinamia viriba, kalamu mkononi, anaandika "Khalas", jina la aina ya tende, kwenye kiriba alichotia kokwa ya tende aliyofuturia. Nimelisema jambo hili kwa mdomo hadi nimechoka, leo naliandika.

1. Kokwa haina jina. Tende uliyokula ni Khalas, sawa. Kokwa yake mama ni Khalas, baba hajulikani, na karibu nusu ya miche itakayoota ni midume. Ukitaka aina yenyewe, tafuta chipukizi lililobanduliwa shinani mwa mama, au mche wa maabara uliokuzwa kutoka tishu zake.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda kokwa za aina tatu, viriba 40 kila aina, nijue ipi itahimili maji ya munyu ya visima vyetu hapa Lamu. Miezi 14 nikamwagilia na kupima. Katika kundi moja, mche huu umeungua ncha, jirani yake kijani kibichi, na viriba vyote vina jina moja. Hapo ndipo ningesimama nijiulize. Mimi nikachukua wastani. Kisha nikamwendea mzee mmoja wa Kipungani, nikamwambia kwa uhakika wote: panda hii, inahimili chumvi. Akaotesha kokwa za tende ileile, akapanda 20 karibu na kisima ambacho maji yake yana munyu hata wakati wa masika.

Mwaka uliofuata akaniita. Akanishika mkono tukapita mche kwa mche. 17 ilikuwa imekufa. Hakunigombeza. Alikunja jani moja likavunjika kwa mlio, akanitia kiganjani, akaniuliza: "Mwanangu, huyu ulisema ni nani?" Nililia njiani kurudi, na sioni haya kulisema.

Tofauti za aina zipo kweli, ndiyo maana naumia mkizichezea. Huko Oman, watafiti wamelinganisha Umsila na Zabad: Umsila huhimili chumvi, Zabad hulemewa mapema. Siri kubwa ni kuizuia sodiamu isijae majanini na kuishika potasiamu.

2. Pimeni udongo wa mizizini, msiridhike na kisima. Mtende huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 4 kwa mita (chumvi hupimwa kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme), na kila moja inayozidi hupunguza kama asilimia 3.6. Hiyo ni mitende mikubwa. Mche ni mtoto. Na kisima cha kisiwani maji yake yasiyo na chumvi yanaelea juu ya maji ya bahari, na pampu ikivuta sana ya chumvi hupanda, kwa hiyo pimeni kabla ya pampu na baada yake.

3. Mwagieni kwa wingi maji yapite chini na chumvi, msinyunyize kidogo kidogo kila siku.

4. Ncha zikiungua, acheni kutia mbolea kwanza. Nayo ni chumvi.

5. Vibao. Yule kijana nilimwambia afute. Akaniuliza kwa unyonge, "Sasa niandike nini, mwalimu?" Nikakaa naye chini, tukaandika pamoja kiriba kwa kiriba: kokwa, mama Khalas, baba hajulikani, na tarehe.