Shangazi, naongoza kwaya lakini moyoni hakuna kitu

"Shangazi, habari yako. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Kisumu, siku za wiki nauza viatu vya mitumba soko la Kibuye. Mwezi wa pili bibi yangu alijifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume, akaishi masaa machache akaenda. Hakuwa amebatizwa. Mzee mmoja wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo akaniambia mtoto wa namna hiyo hafanyiwi ibada, tukamzika nyumbani sisi wenyewe bila hata wimbo mmoja. Wiki iliyofuata wakanitumia meseji ya mchango wa gari ya padri. Tangu hapo nikisali ni kama hakuna mtu anasikia, lakini Jumapili bado nasimama mbele naongoza Utukufu. Najiona mnafiki. Na Jumapili ndio siku Kibuye inauza, sasa mimi nafunga kibanda kwa ajili ya nini? Rafiki yangu ananialika kwa nabii wao, ati ataniombea nipate mapacha. Niache kwaya? Niende huko? – Mwimbaji."

Mwimbaji, pole sana mwanangu, na umfikishie mama ya mtoto pole zangu.

Wacha nianze na huyo mzee kwa sababu naona hapo ndipo kila kitu kiliharibikia. Alikosea. Pengine alikuwa anarudia vile yeye mwenyewe alifundishwa zamani, lakini alikosea, na saa kama hiyo mtu anapigia paroko simu, hasimami mlangoni kwa mfiwa akitoa hukumu. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni 1183, inasema mtoto ambaye wazazi wake walikuwa na nia ya kumbatiza akafa kabla hawajambatiza, askofu anaweza kuruhusu azikwe kwa ibada ya Kanisa. Katekisimu nayo namba 1261 inasema hao watoto Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, tena inakumbusha vile Yesu alisema watoto waachwe waende kwake. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia huko Roma ilitoa andiko refu juu ya jambo hili hili, ikasema tuko na sababu za kutumaini kwamba wanaokolewa, na ile limbo wazee wetu walikuwa wanatishwa nayo, ati mahali pa pembeni wanapobaki watoto wasiobatizwa, haijawahi kutangazwa kuwa fundisho la lazima la imani. Kwa hivyo kijana wako hakukatazwa na Kanisa, alikatazwa na mtu mmoja.

Sasa enda ofisi ya parokia siku ya wiki, usimshike paroko baada ya Misa wakati kila mtu anamvuta shati. Mwambie yote, hata hiyo ya gari mwambie. Omba Misa kwa nia ya familia yenu na uulize kama inawezekana padri aje abariki kaburi, na kama nyumbani ni mbali apange na padri wa huko. Haijalishi miezi imepita. Na mlimpa jina? Kama hamkumpa kaeni chini wawili mumpe.

Nikisema wawili namaanisha wawili, kwa sababu kwa barua yako yote mama amepata sentensi moja tu, sikugombezi lakini nimeona. Yeye ndiye alimbeba. Muulize anaendeleaje na unyamaze usikie jibu, na kama halali, hali, analia kila siku ama hataki kuona mtu, usimwachie rozari peke yake, mpeleke hospitali aone mshauri, kutoka Kibuye hadi Russia, ile hospitali ya Jaramogi, si mwendo. Na wewe pia ukijiona hivyo uende, hakuna dhambi hapo.

Hiyo ya unafiki mimi nakataa kabisa. Mnafiki huwa anapata faida, wewe unapata nini na unapoteza mauzo ya Jumapili nzima? Wewe ni mtu wa Zaburi, ebu fungua ya 88. Zaburi nyingi za kilio zikifika mwisho zinageuka zinakuwa shukrani, hiyo haigeuki, inaanza kwa kulia inaishia gizani, hakuna aleluya mahali. Na Kanisa limeiweka kwa sala ya usiku ya kila Ijumaa, mapadri na masista wanaisali hata kama siku yao ilikuwa ya raha, wanaisali kwa niaba ya mtu kama wewe ambaye usiku huo hawezi kusali. Basi na wewe ukiimba Utukufu na moyo wako umekauka, kuna mtu kwa benchi ya nyuma ambaye wimbo huo ndio sala pekee ako nayo wiki hiyo. Hawakuulizi umesikia nini ndani. Uongo ungekuwa kujifanya mbele ya Mungu kwamba hukasiriki, hiyo usifanye, mwambie umekasirika, Yesu mwenyewe msalabani alilia na Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Kuacha kwaya, hapana, si saa hii. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, yule alianzisha Wajesuiti, alifundisha kwamba wakati wa ukiwa, yaani moyo ukikauka hivi, mtu asibadilishe uamuzi alioufanya akiwa na amani, na mimi kwa miaka ya kusoma barua zenu naona alikuwa anajua watu. Lakini kupumzika si kuacha. Mwachie msaidizi wako Jumapili kadhaa, mpangie tarehe utarudi, na hizo Jumapili uende Misa ya kwanza kabisa ama ya Jumamosi jioni kama kwenu iko, hiyo inahesabika ya Jumapili (kanuni 1248), halafu ufungue kibanda. Najua kuna watu watanipigia kelele kwa hii, wapige, hawalipi kodi yako.

Kwa nabii usiende. Mtu anakuahidi mapacha na hajaulizia hata yule mmoja mlimzika, huyo anataka nini? Ngoja usikie mambo ya mbegu, yaani utoe pesa ndio upate baraka.

Jumuiya nayo usiihame kimya kimya. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliposukuma hizi jumuiya ndogo ndogo miaka ya 70 walitaka Kanisa liwe kwa majirani, mgonjwa aonwe, mfiwa afarijiwe, haikuwa ni ya kukusanya pesa. Siku mkikutana, Injili ikishasomwa na watu wanashirikishana, waambie ilivyokuwa, bila kutaja mzee kwa jina. Wengine nadhani hata hawajui mtoto alizaliwa, wengine walijua wakakosa la kusema wakajificha. Na hiyo meseji ya gari usiijibu kwa hasira, waandikie tu kwamba saa hii huna, ukipata utatoa.