Re: Niko Mwanza, sina maabara. Naweza kusoma protini na dawa kwa kompyuta?

Mkuu, umesema una mashine ya RAM GB 8 tu na unaogopa kupoteza muda. Inatosha kuanzia. Mimi niko Igoma, na ndiyo kazi inayonikesha.

Ila mada usikopi ya watu. Sisi tuna ziwa, na ziwa lina kichocho cha tumbo. Dawa yake, prazikwanteli, imemezwa miongo kadhaa kabla ya kujulikana inashika wapi kwenye mnyoo. Mwaka 2019 ndipo ikatajwa protini yenyewe, TRPM-PZQ, mlango unaopitisha kalsiamu. Sasa nenda machinjioni uone maini yanavyotupwa kwa sababu ya minyoo. Hiyo ni jamii ya Fasciola, na prazikwanteli haiisumbui. Kwa nini? Kwenye Fasciola hepatica mfuko unaopokea dawa umetofautiana kwa asidi amino (kijenzi cha protini) moja: mnyoo wa kichocho ana asparajini, mwenzake ana threonini. Watafiti walipozibadilisha maabara, mlango wa kichocho ukagoma kuitikia dawa, wa Fasciola ukaanza kuitikia. Swali kama hilo unaweza kulichokonoa ukiwa kitandani kwako.

Umbo la protini chukua kwenye hazina ya AlphaFold, yenye maumbo yaliyokisiwa na kompyuta, bure. Angalia rangi: buluu iliyokolea inaaminika, ya chungwa usipachike dawa hapo hata kwa dawa.

Kupachika, yaani kujaribu kwa kompyuta jinsi molekuli inavyokaa kwenye protini, tumia programu ya AutoDock Vina, haihitaji kadi ya picha (GPU). Lakini kabla ya molekuli zako, chukua protini iliyopimwa maabara ikiwa na dawa ndani, itoe dawa, uirudishe kwa Vina. Isipokaa ndani ya anstromu 2 (anstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) za mahali pake, kuna kasoro mahali, labda kwenye sanduku la kutafutia, yaani eneo ulilompa Vina atafute, na matokeo yote yatakayofuata ni porojo. Alama ya -9, ambayo ni makisio ya Vina ya jinsi molekuli inavyoshika, siyo dawa, wakuu. Kila mwezi mtu anatangaza mwarobaini umetibu kitu kwa sababu ya alama!

GROMACS, programu ya kuigiza mwendo wa molekuli, iache kwanza. Ukiitaka, ipeleke Google Colab (kompyuta za Google unazotumia mtandaoni) na uhifadhi mara kwa mara, wanakata bila hodi. Umeme nao ndio huo, kwa hiyo orodha ya molekuli igawe vipande vidogo.

Ukibakiwa na mbili tatu zenye mwelekeo, tafuta maabara yenye minyoo hai, kompyuta imefika mwisho wake hapo. Taja prosesa yako, nikuambie uanze na molekuli ngapi.