Yorkshire pudding haina utamu: namna ya kusifu kwa Kiingereza ukaeleweka

Juzi dada mmoja wa mapokezi kwenye hoteli huko Paje ameniandikia. Mgeni wake, mama wa Kiingereza, kabla ya kuondoka alimpa shali aliyoifuma mwenyewe. Dada akasema "Thank you very much", tena mara tatu, na bado anahisi yule mama aliondoka kinyonge. "Nilifurahi kweli kaka, ila Kiingereza kilinifunga mdomo."

Dada yangu, umenitonesha kidonda.

Mwaka 2014 nilikwenda kusoma Sheffield, mji wa Yorkshire huko Uingereza, nikiringia A yangu ya Kiingereza ya kidato cha nne. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Jumapili ya kwanza akaniita mezani: nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, mchuzi mzito na Yorkshire pudding. Jina lisikudanganye. Ni unga, mayai na maziwa, vinakorogwa kuwa uji mwepesi, vinamiminwa kwenye mafuta ya moto mkali na kuingia oveni mpaka viumuke. Sukari hamna hata chembe. Nikatafuna, nikafumba macho, nikatamka kwa heshima zote: "It is very sweet!"

Bibi akaweka uma chini. Akaonja ya kwake. Akaonja tena. Kisha akainuka kwenda jikoni kukagua makopo ya sukari na chumvi.

Sikuelewa kosa langu hadi usiku, na usingizi ukaruka. Kwetu utamu hauna mpaka: pilau tamu, taarabu tamu, usingizi mtamu. Chakula kikiitwa "sweet", Mwingereza anafikiria sukari tu. Ningesema "This is lovely" yangeisha. Au bora zaidi, ningetaja kile hasa kilichonipendeza: "I love how crispy the edges are." Maana kingo zile kavu ndizo alizozihangaikia asubuhi nzima.

Hapo ndipo penye siri yote, dada. Taja kitu chenyewe. Yule mama hakukosa shukrani, alipewa tatu. Alikosa kusikia kwamba shali umeiona: "I love the colour. How long did it take you?"

Na hii "enjoy" tunayoipenda. Sisi tunasema "tumeenjoi sana" na sentensi imetosha. Kwa Kiingereza, "We enjoyed very much" inaning'inia. Msikilizaji anasubiri mlienjoi nini. Sema "We really enjoyed it", au "I enjoyed myself". Tena ni "I enjoy cooking", si "I enjoy to cook". Mimi hii nimeirekebisha nikiwa na shahada mkononi, kwa hiyo usione aibu.

(Pole na kazi usiijaribu kabisa. Nilimwambia dereva wa basi "Sorry for the work", akadhani nimemwaga kitu. Wao wakishuka husema "Thank you" tu, au "Cheers".)

Lililoniuma kuliko yote ni karatasi ya mwalimu wangu: "Quite good." Nikaipiga picha, nikamtumia mama, akamshukuru Mungu. Mmarekani akiandika hivyo amekusifu kweli. Mwingereza mara nyingi ana maana ya "inaridhisha, basi". Mama sijamwambia hadi leo.

Tuseme ukweli jamani, tumefundishwa Kiingereza cha mtihani. Tunageuza sentensi kutoka kutenda kwenda kutendwa bila kutoka jasho, lakini kumwambia mtu kwamba mkono wake umetufurahisha hatuwezi. Anza leo. Taja kitu, sema kimekufanyaje, nyamaza. Taja kitu!

Mwezi uliopita nilirudi Sheffield, nikampikia yule bibi pilau. Akala sahani ya kwanza kimya, akaongeza ya pili, akafuta mdomo. "Not bad at all, that." Kwa watu wa Yorkshire hiyo ni nishani. Nilipokuwa bado nimevimba kichwa, akasogeza kikopo cha sukari mbele yangu na kuniuliza kama imekolea.