Mwanangu, Usiache Kuitaja Baiskeli

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza bila miwani. Unasema mchungaji wenu huko Dar kakuomba mkimaliza mfungo utoe ushuhuda wa ulivyopona degedege ulipokuwa mdogo, na unataka nikwambie moja kwa moja, ule ulikuwa muujiza au ni dripu ya kwinini tu.

Mi ngoja nianze na baiskeli.

Ilikuwa Januari 1998, mvua za elnino, we una mwaka na nusu. Baba yako kakwama Ndundu anasubiri pantoni, Rufiji imefurika, daraja la Mkapa bado halipo, limekuja kufunguliwa 2003 na nyie saivi mnalipita mmelala kwenye basi. Ulichemka usiku kucha, alfajiri macho yakageuka juu ukaanza kukakamaa. Bibi yako akakataa hospitali, degedege akichomwa sindano anakufa, afukizwe kwanza mavi ya tembo. Mi nikapiga magoti. Niliomba mwanangu, niliomba mpaka sauti ikakauka, halafu nikasikia kengele ya baiskeli nje.

Yule mzee wa nyumba ya pili, si unamkumbuka, aliyekuwa anakuita mke wangu. Kasikia kelele kaja. Hakuuliza kitu, akasema mfunge mgongoni upande. Mpaka hospitali ya Ndanda! Kwa tope lile kupanda kwenyewe tulipanda kidogo tu, kwingine kote tulisukuma, na palipojaa maji yeye kabeba baiskeli begani mi nimekubeba wewe, na ule ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mzee amefunga. Nikamwambia kunywa maji mzee wangu, safari kama hii Mungu anaelewa. Akasema twende mama, twende. Hospitali wakakuta damu imekwisha, ukawekewa dripu, ukaongezewa damu, siku ya tatu ukafumbua macho ukasema "ng'oko". Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini! Nililia na kucheka.

Basi niliporudi nikasimama kanisani. Maneno yangu nayakumbuka kama jana, nilisema hakuna mwanadamu aliyenisaidia, ni Yesu peke yake. Vigelegele. Nilisema hivo kwasababu ushuhuda ndo unavosemwa, ukianza kutaja baiskeli na manesi unaonekana unampunguzia Mungu. Na tuseme ukweli, niliona taabu kumtaja Mwislamu pale mbele. Haya, nimesema.

Kijijini maneno hayalali, jioni ile ile mzee anayo. Nikamkuta barazani anagonga ringi ya mbele kwa jiwe, ilipinda siku ile kwenye makorongo. Akacheka, akasema, "Ni kweli mama, ni Mungu. Ila mwambie aje aninyooshee na hii ringi." Alicheka kweli, hakununa. Bora angenuna. Nilimpelekea kikapu cha ming'oko akapokea, lakini lile neno lenyewe la samahani sikulisema mpaka tunamzika.

Ndo maana nasemaga, na baba yako kashachoka kunisikia, Mungu hana wivu na wanaomsaidia kazi. Soma Marko 2, yule aliyepooza alibebwa na watu wanne wakatoboa dari wakamshusha, na imeandikwa Yesu "alipoiona imani yao". Yao! Mgonjwa mwenyewe hajafungua hata mdomo. Lakini hapo tena nabishana na mwenyewe, kwasababu mzee yule hakumwamini Yesu kwa namna yetu sisi, sasa imani yake niiweke wapi? Na kitanda cha jirani yako wodini kulikuwa na mtoto, mama yake kaomba kama mimi, kafika mapema kuliko mimi, dripu ile ile, akarudi kwao na kanga tupu. Nikisema wewe ulikuwa muujiza, yule mama nimwambie nini? Na nikisema haukuwa, nitakuwa mwongo vilevile, maana mi nilikuona umeshaondoka.

Ulimi unaniwasha nikujibu, ila aa, niache. Nilishawahi kujibu mbele za watu mara moja, umeona kilichotokea.

Halafu huo mfungo wa siku tatu kavu, mchungaji anajua una vidonda vya tumbo? Mwambie. Usijifanye chuma.

Ukisimama Jumapili utaje baiskeli. Akikuuliza inahusikaje mpe namba yangu anipigie. Juzi nimepita kwa wajukuu wa mzee, wanapulizia salfa mikorosho, ile baiskeli wameitundika nyuma ya nyumba haina hata tairi. Ringi ya mbele bado ina lile kombo.

Mama yako