Kuhusu mdogo wako anayekosa mitupo huru: angalia miguu kabla ya mkono

Mkuu, umesema mdogo wako anayecheza mpira wa kikapu, mazoezini anatumbukiza mitupo huru (ile ya mstarini unayopewa ukichezewa faulo, bila mtu kukuzuia) saba au nane kati ya kumi, ila siku ya mechi anaambulia mmoja, na unauliza kama umshurutishe ashuti mia tano kila siku. Mimi ningesema hapana. Ugonjwa huo niliwahi kuuugua mwenyewe, ngoja nieleze.

Nilikuwa pointi gadi, yaani mpanga mashambulizi, wa timu ya chuo. Nusu fainali, tuko nyuma pointi moja, zimebaki sekunde sita, nikachezewa faulo. Wapinzani walishamaliza faulo zao nne za robo ile, na baada ya hapo kila faulo ni mitupo huru, kwa hiyo ikawa mitupo miwili. Wa kwanza haukugusa hata chuma, na unajua kelele za pembeni zinavyokuwa mpira ukianguka patupu. Wa pili ukagonga ringi kwa mbele, ukarudi mikononi mwa wapinzani. Tukatolewa.

Usiku kucha nilijiambia niliogopa. Kesho yake kocha wetu, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno mengi, akaniuliza swali moja tu: "Ilikuwa mifupi au ilikwenda pembeni?" Nikamjibu mifupi, yote miwili. Akasema, "Basi ni magoti. Njoo saa kumi."

Saa kumi hakunipa mpira. Alinikimbiza mistari ya uwanja, nenda rudi, mpaka nikainama kushika magoti, ndipo akanirushia mpira: "Miwili." Nikakosa. Mistari tena. Miwili tena. Ndivyo tulivyomaliza jioni nzima, na sidhani kama nilishuti hata mara arobaini.

Toka mstari wa mitupo huru mpaka usawa wa ubao ni mita 4.6, na ringi iko juu mita 3.05. Asubuhi ukiwa na nguvu zako, mkono peke yake unaweza kuufikisha mpira. Robo ya nne mkono uleule unakuwa umechoka, na kama hukuzoea kuanzia kwenye magoti, mpira unafia njiani. Sasa fikiria mtoto anayesimama mahali pamoja akashuti mia mfululizo. Kufika wa kumi, mkono umeshajua kipimo na unajirudia wenyewe. Kwenye mechi nani atakupa kumi za kupasha mkono? Unapewa miwili, umetoka kukimbia urefu wote wa uwanja, jasho liko machoni.

Kwa hiyo anza na miguu. Anayetumia mkono wa kulia aweke mguu wa kulia mbele kidogo, magoti yakunjwe kabla mpira haujapanda, na nguvu ipande pamoja na mpira kwa mwendo mmoja. Wengi wanakunja goti, wanasimama, halafu ndipo wanarusha. Hapo goti limefanya kazi ya bure. Mpira ukae kwenye vidole, kiganja kiachie nafasi kidogo katikati. Kiwiko kiwe chini ya mpira, kisitoke nje kama bawa la kuku. Mkono wa kushoto kazi yake ni kushikilia tu. Mkimuona mpira wake unakwenda kulia na kushoto, mara nyingi mwangalieni kidole gumba cha mkono huo, utakuta kinasukuma.

Halafu juu. Watoto wetu wanashuti bapa mno. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45, mpira namba 7, ule wa wanaume, una karibu 24. Mpira ukishuka kwa nyuzi 45, nafasi unayoiona ni karibu sentimita 32. Ukija bapa kwa nyuzi 30, nafasi inabaki 22.5, yaani ndogo kuliko mpira wenyewe, na hauwezi kupita bila kugonga chuma. Mwambie aumalizie kwa kifundo cha mkono, vidole viangalie chini, mpira uzunguke kurudi nyuma. Ule unaozunguka hivyo ukigusa chuma unapoa, unaweza kudondokea ndani.

Woga nao upo, sikatai. Fainali ya NBA, ligi kuu ya Marekani, ya 1995, mechi ya kwanza, Nick Anderson wa Orlando alikosa minne mfululizo sekunde za mwisho wakiwa wanaongoza kwa pointi tatu. Houston wakasawazisha na kushinda muda wa nyongeza. Msimu wa 1996-97 jamaa alimaliza na asilimia 40 hivi, wakati kabla ya hapo alikuwa kwenye 70. Miguu peke yake haimfanyi mtu hivyo.

Dawa ya woga ninayoijua ni utaratibu usiobadilika: dunda mara mbili, vuta pumzi, itoe, tazama ringi, rusha. Ila uwe mfupi. Mimi niliwahi kuiga wa kwenye televisheni, nikazungusha mpira, nikajifuta, nikadunda mara sita, refa akapuliza filimbi. NBA wanatoa sekunde 10, sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa, tunazochezea huku ni 5. Nilijisikia mjinga kuliko siku ile ya kukosa. Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee kule NBA naye, kwa kuchelewa kurusha, mwaka 2021 mashabiki wa ugenini walikuwa wanamhesabia sekunde kwa sauti, uwanja mzima. Hata hivyo, mechi ya sita ya fainali akaingiza 17 kati ya 19 na kufunga pointi 50.

(Kuna na mtindo wa kurushia kutoka chini ya kiuno kwa mikono miwili, kama nyota wa zamani wa NBA Rick Barry aliyestaafu na karibu asilimia 90. Nyota mwingine wa zamani, Wilt Chamberlain, alirusha hivyo siku aliyofunga pointi 100 mwaka 1962, akaingiza 28 kati ya 32, halafu akauacha kwa kuona aibu. Mjaribishie mdogo wako uone kama atakubali mbele ya wenzake. Vijana ninaowafundisha wote wamegoma.)

Sasa hivi nafundisha vijana jioni kwenye uwanja wa saruji. Tumechora nukta kwa chaki katikati ya mstari, kila mtu anaweka mguu wake pale pale kila mara, na baada ya kila zoezi la kukimbia ni miwili. Haizidi.

Kabla hujambadilishia chochote, mkalishe na daftari wiki moja. Kila anayekosa aandike: mfupi, mrefu, kushoto, kulia, na kama alikuwa amechoka. Ukishapata hesabu iweke hapa tuione.